Nilimkatiza Mama Sogongera Kabla ya Neno la Mwisho

Ni mimi niliyefanya. Ninyi wa Kigali mliokuwa mkiulizana ni nani aliyeirusha ile video ya Mama Sogongera, msisumbuke tena, ni mimi! Sikutumwa na mtu. Sikuwa nimelewa. Nilikaa kwenye kiti changu mchana kweupe, akili zangu timamu, nikaifanya.

Jina langu sitaliandika. Nina mke na watoto, na bado napiga picha za harusi hapa mjini, watu wakinijua watanifungia milango. Niiteni mwoga. Nimeshajiita hivyo mwenyewe mara nyingi na haijasaidia kitu.

Naandika Kiswahili kwa sababu nilikulia Kagera, upande wa Tanzania, kabla wazazi hawajarudi Rwanda. Na niliyemkosea alikulia Bujumbura, kwa hiyo mimi na yeye tulizungumza Kiswahili siku zote. Hapa nitamwita Dada Spesi. Si jina lake, na hata hilo la Mama Sogongera nimelibadilisha kidogo.

Kwanza niwaambie alikuwa nani, maana siku hizi watu wanamjua kwa ile video tu. Jamani, hilo linaniuma!

Filamu zetu zilipoanza, hatukuwa na kitu. Tulikuwa na kamera moja ya harusi, yangu, na ua wa nyumba ya kupanga kule Kimisagara. Diski tulichoma wenyewe na kuziuza mkononi. Kilichouzika ni vichekesho. Shida ilikuwa wanawake.

Msichana wa kulia machozi kwenye filamu ya mapenzi ulimpata bila shida. Lakini mwanamke wa kujifanya mlevi, wa kuanguka matopeni na kugombana na mbuzi, hayupo! Nani angekuja kumposa? Mama yake angepita wapi kanisani? Basi tulikuwa tunamfunga mwanamume kitenge, tunamwekea matambara kifuani, tunasema huyo ni mama mwenye nyumba.

Siku moja tukiwa kwenye kazi hiyo, akaingia mwanamke kabeba chupa ya chai. Alikuwa na kibanda cha chai na chapati mtaa wa Biryogo, na mmoja wetu alikuwa amemwagiza. Akasimama kumtazama yule mwanamume wetu mwenye kitenge. Akaweka chupa chini.

"Mbega!" akasema kwa mshangao. "Huyu mama iko anakaa kama mwenye kupanda pikipiki. Ni wanawake wa wapi hao?"

Tukacheka. Nikamwambia kwa utani, haya, onyesha wewe. Wala hakusita. Akakaza kitenge chake, akakaa kigodani, miguu upande mmoja kama wakaavyo mama zetu, akachukua chupa ya bia ambayo tulikuwa tumeijaza chai ya rangi, akaanza kumkaribisha mgeni asiyekuwepo.

Hapa wasomaji wa mbali wanivumilie kidogo. Kwetu ukimpa mgeni kinywaji, hasa pombe ya mtama au ya ndizi, unakionja wewe kwanza mbele yake. Tunaita gusogongera. Maana yake ni kwamba anywe bila wasiwasi, hamna sumu ndani. Hata soda hufunguliwa mbele ya macho yako kwa sababu hiyohiyo. Sumu kwetu ni hofu ya kila nyumba. Mtu akisumbuliwa na tumbo siku kadhaa tu, hakosekani wa kunong'ona kwamba kuna mahali alilishwa.

Basi Dada Spesi akaonja. Akasema, "Ngoja baba, bado sijahakikisha." Akaonja tena. "Huku juu ni salama, lakini sumu iko inakaa chini." Akaonja mpaka chini. Chupa ikawa tupu, mgeni koo kavu, na yeye macho yamelegea, anapiga kofi goti lake: "Karibu sana! Kinywaji hakina shida kabisa!"

Niliyeshika kamera ni mimi, na picha ile mpaka leo inatikisika kwa sababu nilikuwa nacheka.

Hivyo ndivyo Mama Sogongera alivyozaliwa. Hakuna aliyemfundisha yule mwanamke kuigiza. Tulitengeneza filamu baada ya filamu, na katika kila moja watu walisubiri aonje. Anaonja uji wa mtoto mpaka mtoto analia. Anaonja divai ya harusi mpaka bwana harusi anaenda kununua nyingine. Diski zilichezwa saluni, zilichezwa kwenye mabasi, zilivuka mpaka zikafika Bukavu na Bujumbura. Watoto wakimwona njiani walikuwa wanakimbilia kumpa maji wamwambie, "Mama, sogongera!" Naye anakunywa yote!

Na tuseme ukweli, alitukanwa pia. Kuna akina mama waliokuwa wanahama benchi kanisani akikaa. Walisema ni mlevi, na wala hakuwa mnywaji wa pombe, ilikuwa ni chai yake mwenyewe kwenye zile chupa. Alikuwa anakuja kwenye kazi macho mekundu kwa kulia, ananawa uso, halafu anatuvunja mbavu. Baada yake wanawake wengine walipata ujasiri. Hawa dada wa vichekesho mnaowashangilia leo kwenye simu, yeye ndiye aliyewafungulia mlango, na wengi wao hawajui.

Mume wake alikuwa fundi cherehani hapohapo Biryogo. Mtu mpole, hana maneno. Wanaume wenzake walimcheka kwamba mke wake anaanguka matopeni mbele ya watu, naye alikuwa anajibu, "Nguo za kuangukia nashona mimi." Alikuja kwenye kazi zetu, anakaa nyuma ya kamera ameshika mkoba wa mkewe. Nilimpenda yule mzee kama kaka.

Halafu diski zikafa. Mnajua wenyewe, simu zikaingia, nani tena anunue diski? Mimi nikafungua chaneli mtandaoni, nikawa naweka vipande vyetu vya zamani na vipya vichache. Dada Spesi akarudi kwenye kibanda chake bila kulalamika. Nikimwita anakuja. Nikikosa cha kumpa anasema, "Acha sha, mdogo wangu, utanipigia picha za harusi ya binti yangu bure." Alikuwa na binti mmoja tu, wakati huo yuko sekondari.

Filamu ya mwisho tuliyoianza ilikuwa ya Mama Sogongera ameokoka. Wazo lilikuwa lake. Kuna sehemu anamletea mumewe wa kwenye filamu kibuyu cha pombe ya mtama. Mume anasubiri aonje. Yeye anakitazama kibuyu. Anakitazama mume. Anafuta midomo, anatabasamu, anarudi nyuma, anakataa kuonja. Mume anaanza kutetemeka! Kimya kirefu. Ndipo anasema, "Usiogope, baba watoto. Nimeokoka. Kuanzia leo sionji." Halafu anatoa mrija mrefu nyuma ya mgongo, "Lakini kufyonza, mchungaji hakusema kitu!"

Tulicheka mpaka tukasimamisha kazi. Filamu yenyewe haikuisha, kwa sababu mume wake wa kweli, yule fundi, aliugua.

Lilikuwa ini. Daktari aliwaeleza wote wawili mapema, na mimi nilielezwa kwa sababu nilikuwa nawapeleka hospitali kwa gari langu. Lakini yule mzee alikataa dada yake asiambiwe. Dada yake huyo, yaani wifi yake Spesi, ndiye aliyemlea walipofiwa na wazazi, na ana presha. "Ataniwahi kwenda," alisema. Basi wifi mtu alijua kaka yake ana vidonda vya tumbo tu. Alimwacha anatembea, akaja kumkuta amefunikwa shuka.

Kumbukeni hilo. Mimi nilikuwa nalijua. Nilijua kilichomuua, na nilijua wifi mtu hajui.

Chaneli yangu wakati huo ilikuwa inakufa. Naweka video, nakaa naitazama siku nzima, hakuna mtu. Vijana wenye simu tu, wasiojua hata kushika kamera, wanatazamwa na nchi nzima! Ilinikera. Nilijiona mimi ndiye nilianza hii kazi na sasa nimetupwa. Sijitetei. Nawaambia tu nilikuwa na sumu gani moyoni, na hiyo ilikuwa sumu ya kweli.

Baada ya mazishi nilikuwa natafuta picha nzuri ya marehemu niitoe wamwekee fremu. Katika kutafuta nikakutana na ile sehemu ya kibuyu. Nikaitazama. Nikaisimamisha pale anapofuta midomo na kutabasamu. Eeh Mungu wangu, natamani kompyuta ile ingeungua saa hiyohiyo!

Nikakata hapo. Kabla ya "usiogope, baba watoto." Kabla ya mrija. Nikabadilisha rangi ikawa na giza kidogo, nikaondoa sauti, nikaweka muziki wa huzuni. Mwisho nikaweka picha ya marehemu na mshumaa. Nikafungua chaneli nyingine isiyo na jina langu. Juu nikaandika kwa Kinyarwanda maneno ambayo kwa Kiswahili ni: "Mbona Mama Sogongera alikataa kuonja?" Na alama ya kuuliza.

Ile alama ya kuuliza ndiyo niliyojifunika nayo. Nilijiambia sijasema uongo hata neno moja. Nimeuliza tu! Watu watabofya, watagundua ni filamu, watacheka, yamekwisha. Na mimi nitajua kama bado nina mkono wa kuvuta watu.

Watu walibofya. Waliitazama kuliko kitu chochote nilichotengeneza maishani. Na hakuna aliyecheka. Chini waliandika, "Nilijua." Waliandika, "Yule mwanamke macho yake tangu zamani." Wengine wakaichukua, wakaipandisha kwao na kuiongezea maneno, na wao hawakuweka alama ya kuuliza.

Nikaogopa, nikaifuta. Kufuta kwenyewe kukawa kosa! Wakasema imeondolewa kwa sababu ni kweli.

Ikafika siku ya kuondoa kilio. Sisi tunaita gukura ikiriyo, siku ndugu wanamaliza matanga, wanakaa pamoja, wanakunywa, wanasemezana, maisha yanaendelea. Nilikuwepo na kamera kwa sababu Dada Spesi aliniomba nirekodi kwa ajili ya binti yake. Ua ulijaa. Na pale uani kila mtu alikuwa ameshaiona ile video isipokuwa mwenyewe, maana tangu mumewe afe hakushika simu.

Alitoka jikoni na mtungi wa pombe ya mtama, kanga ya kilio begani. Alipoanza kuinamia vikombe, wifi yake akasimama.

"Wifi, kaa chini," alisema. "Leo hautamimina wewe. Kila mtu iko na mikono."

Dada Spesi akacheka! Jamani, alicheka. Alidhani wanamtania kama watu walivyomtania miaka yote. Akasema, "Msiogope, leo sitamaliza mtungi." Akaangalia huku na huku asikie kicheko. Watu walikuwa wanatazama miguu yao. Waliokuwa tayari wamepewa vikombe walivishika mkononi bila kunywa.

"Iko nini?" akauliza.

Wifi akatoa simu, akamwonyesha. Nakala ya mtu mwingine, siyo yangu, lakini kukata kulikuwa kwangu. Alitazama mpaka mwisho. Alinitafuta kwa macho, akanipata nyuma ya kamera.

"Mdogo wangu," alisema mbele ya wote. "Waambie. Hii filamu iko na mwisho. Waambie nasema nini hapo."

Sentensi moja tu! Ningesema, "Ni filamu, anasema ameokoka, na kaka yenu aliuawa na ini, mimi mwenyewe nilimpeleka hospitali." Ningesema tu hivyo pale uani, mbele ya wifi, mbele ya binti yake, pengine yangeisha. Lakini nikisema, swali la pili lingekuwa: hiyo filamu anayo nani? Nani aliikata?

Nikainama kushughulika na kamera. Nikasema kwa sauti ndogo kwamba sikumbuki vizuri, kazi ni nyingi, na kompyuta yangu iliwahi kuibwa vitu.

Alinitazama kidogo. Halafu akakaa chini mwenyewe, akamimina kikombe, akakionja, akanyanyua kumpa binti yake. Wifi akamshika binti mkono. Binti akabaki hapo katikati, mkono mmoja huku mmoja kule, na hakukipokea kikombe.

Baada ya hapo kila kitu kilikwenda upesi. Kibanda chake cha chai kikapoa. Angekuwa anauza soda, labda. Soda hufunguliwa mbele yako. Lakini chai hutoka jikoni imeshamiminwa! Nani anaona kilichotiwa? Wateja wa miaka na miaka walikuwa wanapita wamegeuza shingo. Akaanza kuonja kila kikombe mbele ya mteja, kwa dhati, bila kichekesho. Ndiyo ikawa mbaya zaidi. Vijana wakawa wanakuja kurekodi: "Njooni mwone, Mama Sogongera anaonja!" Na hawakunywa.

Wifi akamchukua binti akakae kwake. Alisema ni kwa sababu ya shule. Dada Spesi alienda kwa viongozi wa mtaa, wakamwita wifi, wakazungumza, wakamwambia binti ni mkubwa, achague mwenyewe. Binti alilia sana, akachagua kwa shangazi.

Mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa nyumbani kwangu. Nilimwambia mke wangu kila kitu. Alinikasirikia mpaka akahama chumba. Akanilazimisha niende kumwona Dada Spesi, nikamwombe radhi. Lakini wakati naondoka akanifuata mlangoni, akasema taratibu, "Nakuamini kwamba ni uongo. Lakini ukirudi usilete chapati zake. Watoto wako hapa."

Sasa nakuja kwenye lile ambalo hata mke wangu simwambii.

Nilimkuta kibandani peke yake, adhuhuri, saa ambayo zamani ulikuwa unasimama kusubiri kiti. Meza safi. Amekonda. Alifurahi kuniona! Akasema, "Karibu mdogo wangu, kaa, kaa." Nikawa nimepanga maneno yangu, nimeyashika. Yeye akaingia jikoni, akarudi na kikombe cha chai ya maziwa yenye tangawizi, ile ninayoipenda. Akasimama mbele yangu, akaonja kidogo, akafuta ukingo wa kikombe kwa kanga, akanipa.

Nikakipokea. Nikakishika.

Na sikunywa.

Mimi! Mimi niliyeuzua uongo ule kwa mikono yangu! Niliyemwona mzee yule anageuka njano kwa ini! Nilikishika kile kikombe, na kitu ndani yangu kikaniuliza: na kama anajua ni wewe? Na kama leo ametia kweli? Nikajidai chai ni ya moto, nikapuliza. Nikaanza kuongea habari za mvua. Nikaweka kikombe mezani.

Alikaa mkabala nami, mikono mapajani, anaitazama ile chai mpaka ikatanda utando juu. Niliaga bila kutamka yale niliyoyapanga. Aliniambia nisalimie watoto.

Kesho yake nilijichukia mpaka nikafanya nililopaswa kufanya tangu mwanzo. Niliipandisha sehemu yote, na mrija wake, na nikaandika kwamba huu ndio mwisho wa kweli. Mnajua walisema nini? Kwamba amenilipa. Kwamba mwisho tumeutengeneza juzi. Kwamba na mimi nimelishwa kitu, ndiyo maana namtetea. Wengi hata hawakuitazama, kitu kisichotisha nani abofye?

Nikaenda kwa wifi mtu na kompyuta yangu. Nikamwonyesha ile sehemu yote, nikamweleza habari za ini, nikampa jina la daktari. Alitazama kwa makini. Ilipofika kwenye mrija alicheka, kweli, alicheka mpaka akashika mdomo. Nikasema moyoni, asante Mungu!

Akafuta macho. Akasema, "Yego, ndiyo, mwisho nimeuona. Lakini kaka yangu amekufa. Na huyo mwanamke kazi yake ni kuigiza, mimi nitajua vipi lini haigizi?"

Nikamwambia, mama, ni mimi niliyekata ile video, ni mimi mwenye kosa. Alinitazama kwa huruma kama mtu mgonjwa. "Pole sana," alisema. "Amekushika kweli." Hakuamini hata ungamo langu, na hakumwambia mtu, ndiyo maana mpaka leo natembea mjini na heshima zangu.

Dada Spesi alifunga kibanda akahamia Kabuga, pembeni mwa mji. Juzi ndipo nilipopata nguvu ya kumfuata. Anauza mkaa, mifagio na mabeseni kando ya soko. Wateja anao. Nilimuuliza kwa nini hauzi tena chai, swali la kijinga kabisa, akanijibu akiwa anafunga mfuko wa mkaa, "Vitu hivi hakuna anayekula."

Nikamwambia papo hapo, nimesimama, mbele ya mizigo yake. Nikamwambia ni mimi. Nikapiga magoti kwenye vumbi la mkaa, watu wanatazama.

"Inuka, utachafua suruali," alisema. "Nilijua tangu siku ile uani. Ile kamera ilikuwa yako. Nani mwingine alijua mahali pa kukata?"

"Dada, mbona hukunisema?"

"Ningesema, ungekataa, na wangekuamini wewe. Nikaona niache. Nikasema huyu mdogo wangu amefanya ujinga, lakini yeye anajua. Kigali nzima wakiogopa mkono wangu, kuna mtu mmoja anajua ukweli." Akapangusa mikono. "Siku ulikuja kibandani nikakupa chai. Nilikuona. Ukaogopa na wewe. Sha, siku ile ndiyo nilikwisha."

Akaniuliza kama nataka mkaa, kwa sababu kuna mteja anasubiri nyuma yangu.

Simwoni tena kwenye filamu. Nilimwomba, nikamwambia tuimalize ile ya kuokoka, akatikisa kichwa. Vile vipande vya zamani bado viko kwenye chaneli yangu, na nikivitazama sichekishwi tena. Kila anapoinua chupa ninajua watu wanawaza nini. Kazi yake yote, tangu kile kigoda cha Kimisagara, nimeichafua mpaka mwanzo.

Ninyi vijana mnaotengeneza video, nawaomba, tena nawaomba kwa machozi. Msijidanganye kwamba mkiweka alama ya kuuliza mmekuwa salama. Usikate maneno ya mtu kisha ukamwachia mtazamaji amalizie. Atamalizia kwa lile analoliogopa. Na usidhani wewe uliyeanzisha utabaki nje unacheka! Litakuingia na wewe, na siku utakayotaka kulitoa hutaweza, hata kwenye kichwa chako mwenyewe.

Na usisubiri. Mimi nilipewa nafasi ya kusema sentensi moja mbele ya watu wote, nikaitumia kutengeneza kamera ambayo haikuwa imeharibika.

Yule binti sasa anasoma chuo. Jumapili hupanda basi kwenda Kabuga kumsalimia mama yake. Majirani wa pale wameniambia wanapendana, wanakaa pamoja mpaka jioni, binti anamsaidia kupanga mifagio na kuhesabu mabeseni, na wakati wa kuagana wanakumbatiana muda mrefu. Chakula huwa amekula kabla hajatoka. Maji ya kunywa huja nayo mwenyewe, kwenye chupa.